Anza na Kiti Kitupu: Kufundisha Historia ya Wafalme wa Zanzibar Sekondari

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukutajia masultani wa Zanzibar kwa mpangilio bila kukwama: Said, Majid, Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Hamoud. Muulize kwa nini kiti kilipita kwa ndugu mara tatu mfululizo kabla hakijashuka kwa mjukuu, utamwona anaangalia dari. Majina anayo, historia hana.

Njia ninayoipendekeza hapa ni hii: punguza vipindi vya utawala, ongeza vipindi vya urithi. Fundisha zile siku ambazo mfalme amekufa na mwingine hajakaa. Siku hizo kila mwenye nguvu hulazimika kujitokeza: ndugu wa marehemu, wakuu wa askari, matajiri wa mjini, balozi wa kigeni. Siku za kawaida nguvu hizo zimejificha nyuma ya jina moja la mfalme, na mwanafunzi hazioni. Zanzibar inafaa sana kwa hili kwa sababu kati ya 1856 na 1896 kiti kilibaki kitupu mara sita, na kila mara sauti ya balozi wa Uingereza ilikuwa kubwa kuliko mara iliyotangulia. Mwanafunzi akiona hivyo mwenyewe, ukoloni unaacha kuwa kitu kilichoshuka siku moja na bendera.

Kazi nzima inahitaji vipindi vitano au sita. Vifaa ni karatasi za manila, maka peni, saa ya ukutani na kadi ulizozikata mwenyewe.

Hatua ya kwanza: chora ukoo, lakini nusu tu

Bandika manila ubaoni. Juu kabisa andika Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat na akafa baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856. Chini yake weka watoto watano tu: Thuwaini, Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Waambie darasa kwamba alipokufa alikuwa na watoto hai wapatao 36, ili wajue umewapunguzia mzigo. Acha mishale ya nani alimrithi nani; wataichora wao.

Kisha uliza: nani awe mfalme? Wengi watasema mkubwa. Hapo ndipo pa kuwaambia kwamba katika ukoo huu, wa Al Busaid, haikuwapo sheria ya mkubwa kurithi. Aliyekuwa na nguvu na akakubalika kwa wakubwa wa ukoo ndiye aliyekaa. Thuwaini alikuwa Oman, Majid alikuwa Unguja, na mauti ya baba yao yaliwakuta kila mmoja ameshika upande wake.

Usiwasahau mama zao. Watoto hawa wote walizaliwa na masuria, wanawake waliofika kasri kama watumwa: mama yake Majid alitoka kwa Wacherkesi, mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria akikubaliwa na baba ni huru na anarithi sawa na mtoto wa ndoa. Wanafunzi watakuwa na maswali mengi hapa, na mengine yatakuwa ya aibu. Yajibu yote kwa utulivu. Mwalimu anayeruka suala la masuria anabaki na ukoo usio na wanawake, kisha baadaye anashindwa kueleza utumwa uliingiaje mpaka ndani ya chumba cha mfalme.

Hatua ya pili: gawa urithi tano za mwanzo kwa makundi matano

Kila kundi lipate kadi moja yenye mwaka, majina na mambo machache yasiyo na majibu. Maswali kwa wote ni matatu: nani alitaka kiti, nani aliamua, na nani hakuulizwa?

Kundi la 1856 ndilo lenye kazi nzito, kwa hiyo lipe wanafunzi wavumilivu. Wao wana ugomvi wa Majid na Thuwaini, uasi wa Barghash mwaka 1859, na hukumu ya mwaka 1861. Uasi ule una kila kitu anachokipenda kijana wa miaka 16. Barghash alizingirwa nyumbani kwake mjini, akatoroka, akajifungia na wafuasi wake kwenye shamba lililoitwa Marseilles, na mwishoni Majid akahitaji msaada wa Waingereza kumshinda. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Dada yao, Sayyida Salme, ambaye alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, ndiye aliyewaandikia waasi barua zao; alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Darasa zima litaamka hapo, hasa wasichana wanaokaa nyuma.

Hukumu ya 1861 ilitolewa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India: Zanzibar na Oman zigawanyike, na Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Kundi litambue lenyewe kwamba mirathi ya baba imeamuliwa na mtu aliyekaa Calcutta.

Makundi ya 1870 na 1888 yatamaliza mapema. Majid alifuatwa na Barghash, Barghash akafuatwa na Khalifa. Waambie watafute kwa nini safari hizi mambo yalikuwa shwari. Mwaka 1890 Ali alikaa na nchi ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka huohuo. Mwaka 1893 Ali alikufa, na mtoto wa Barghash, kijana anayeitwa Khalid, akajaribu kuingia kasri. Waingereza wakamtoa, wakamweka Hamad bin Thuwaini. Kundi la 1893 lisijue kitakachotokea miaka mitatu baadaye. Kadi yao iishie hapo.

Kila kundi likimaliza linakuja mbele na kuchora mshale wake kwenye manila. Wenye maka peni nyekundu wachore mshale pale tu ambapo Mwingereza alishiriki kuamua. Manila ikijaa, simama pembeni wasome wenyewe.

Hatua ya tatu: vita ndani ya kipindi kimoja

Hapa ndipo pa kukaa. Vita vya Agosti 1896 vilichukua dakika 38 kwa hesabu inayotajwa zaidi. Wengine husema 40 au zaidi kidogo. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Sijui mada nyingine ya historia inayoingia kwenye kipindi kwa urefu wake halisi, na itakuwa dhambi kuisimulia kwa dakika tano.

Omba vipindi viwili vinavyofuatana, asubuhi ikiwezekana. Kipindi cha kwanza ni cha siku mbili za kabla. Gawa kadi za wahusika: Khalid bin Barghash (mwenye miaka 22 hivi), balozi wa Uingereza Basil Cave, Lloyd Mathews (waziri mkuu Mwingereza wa serikali ya Sultani), Admirali Harry Rawson wa manowari za Kiingereza, Hamoud bin Mohammed (ambaye Waingereza walitaka awe Sultani), balozi wa Ujerumani, mfanyabiashara wa Kihindi wa mjini, askari wa zamu kasrini, mpishi wa kasri, mtumwa wa shamba la karafuu, mvuvi wa Malindi. Darasa likiwa kubwa, kadi moja ishikwe na wanafunzi watatu au wanne wanaoshauriana.

Sheria ya mchezo ni moja na usiilegeze: kila mhusika anajua tu yale aliyoyajua siku hiyo. Mvuvi hana habari za telegramu. Khalid hajui London imejibu nini. Mwanafunzi akianza kusema "kwa kuwa Waingereza wangeshinda", mrudishe.

Toa habari kwa mfuatano huu. Tarehe 25 Agosti Hamad amekufa ghafla, na uvumi wa sumu umeenea mjini. Saa chache baadaye Khalid yuko kasrini na amejitangaza Sultani. Cave anamkumbusha kwamba kwa makubaliano ya himaya hakuna anayekaa bila ridhaa ya balozi. Khalid anakusanya watu, wanaokadiriwa kufika 2,800, wengi wao si askari wa kufunzwa, na mizinga yake inaelekezwa bandarini. Cave anapeleka telegramu London kuuliza kama anaruhusiwa kupiga. Tarehe 26 manowari zimefika tano: St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Onyo la mwisho linatolewa: bendera ishushwe na kasri iachwe kabla ya saa 3 asubuhi ya kesho.

Wape dakika kumi za kujadiliana. Kila mhusika aandike mistari mitatu daftarini: anataka nini, anaogopa nini, usiku huu atalala wapi. Hilo la mwisho linaonekana dogo lakini ndilo linalofungua vichwa. Raia wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kupelekwa mahali pa usalama. Mpishi wa kasri atalala wapi?

Kengele ya kipindi cha pili ikilia, weka saa ya ukutani mezani. Soma ya asubuhi: saa 2 Khalid ametuma mjumbe kutaka mazungumzo, saa 2 na nusu amejibu kwamba hana nia ya kushusha bendera na haamini kuwa watampiga. Kisha tangaza: saa 3 na dakika 2.

Kuanzia hapo saa iende kwa kasi yake. Usikubali milio ya mizinga kwa mdomo. Dakika mbili za "buu, buu" zitageuza somo kuwa vichekesho na hutalirudisha. Wanafunzi waandike tu, na wewe usome kadi kwa vituo. Dakika ya tatu: merikebu ya Sultani, Glasgow, aliyokuwa ameijengesha Barghash Uingereza, imejibu mapigo, na sasa inapigwa, itazama bandarini. Baadaye kidogo: kasri limeshika moto, Beit al-Hukm, jengo jingine la kasri, inabomoka. Katikati soma kadi ya Khalid, nayo ina habari mbili zinazopingana, kwa sababu ndivyo zilivyotufikia: moja inasema alikimbia mara tu mizinga ilipoanza, nyingine inasema alibaki kwanza. Wanafunzi waamue wanaiamini ipi na kwa nini. Nani alipeleka kila habari? Alikuwa amesimama wapi?

Kutakuwa na nafasi ndefu ambazo huna cha kusoma. Ziache hivyohivyo. Ukizijaza kwa maelezo, mwanafunzi hatapata kuhisi dakika 38 zina urefu gani kwa aliye ndani ya nyumba inayopigwa.

Dakika ya 38: bendera imeanguka. Khalid yuko kwenye ubalozi wa Ujerumani. Kasrini na mjini watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza amejeruhiwa baharia mmoja. Jioni Hamoud ni Sultani. Dakika mbili zilizobaki zinatosha swali moja la kwenda nalo nyumbani: baharia yule mmoja alihesabiwa kwa uhakika, kwa nini wale 500 ni "wapatao"?

Hatua ya nne: baada ya moshi

Kipindi kinachofuata rudi kwenye manila ya ukoo. Chora mshale wa Hamoud kwa nyekundu. Halafu soma amri aliyoitoa Aprili 1897: hadhi ya kisheria ya utumwa imefutwa, wenye watumwa watalipwa fidia, lakini masuria hawamo. Wao walisubiri hadi sheria ya 1909. Mwanafunzi aliyeelewa hatua ya kwanza atainua mkono bila kuitwa.

Hapa pia ndipo pa kumleta mtumwa wa karafuu mbele. Fedha za kasri zilitoka shambani na kwenye biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Seyyid Said peke yake alikuwa na mashamba zaidi ya 40. Uliza kadi ya mtumwa: Khalid au Hamoud, kwako tofauti ni ipi? Wengine watasema hakuna, wengine watakumbuka amri ya 1897. Waache wabishane.

Neno kwa wanaofundisha Unguja na Pemba, na kwa wengine pia. Darasani kwako wamo watoto ambao wazee wao walikuwa pande tofauti za Mapinduzi ya Januari 1964, na wamesikia mambo nyumbani ambayo wewe hukuyasikia. Weka kanuni tangu mwanzo: tunataja mtu kwa jina lake na kitendo chake, hatusemi "Waarabu walifanya" au "Waafrika walifanya". Kanuni hii haifuti ukweli wowote. Seyyid Said anabaki na mashamba yake na Barghash anabaki amefunga soko la watumwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, lakini hakuna mtoto anayebebeshwa kitendo cha mtu aliyekufa miaka mia iliyopita.

Na usiache ionekane kwamba ufalme ulifika Unguja kwa jahazi. Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, alikuwapo kabla ya masultani na pamoja nao. Muhammad bin Ahmad alijenga kasri lake Dunga na akafa mwaka 1865. Mwanawe, wa mwisho, akafa 1873. Ngoma na siwa za enzi yao ziliishia makumbusho. Hicho nacho ni kiti kilichobaki kitupu, isipokuwa hakuna aliyeruhusiwa kukikalia tena. Mpe mwanafunzi mmoja mwenye bidii akitafiti peke yake.

Hatua ya tano: wasome aliyeandika akiwa ndani

Sayyida Salme aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni nadra kupata sauti ya mwanamke wa kasri iliyoandikwa na yeye mwenyewe. Chagua ukurasa mmoja au miwili kuhusu maisha ya Mtoni, alikozaliwa, uwatafsirie kwa Kiswahili chepesi kama huna tafsiri karibu.

Kisha wafundishe kumshuku kwa heshima. Aliandika akiwa mjane Ujerumani, kwa wasomaji wa Ulaya, miaka ishirini baada ya kuondoka, huku akidai urithi wake kwa kaka aliyekuwa Sultani. Alipoutetea utumwa wa nyumbani kwao, alikuwa anamjibu nani? Swali hili moja lina thamani kuliko kukariri aina zote za vyanzo vya historia.

Ongeza picha. Zipo picha za kasri baada ya mapigo ya 1896, na zinapatikana bila shida. Toa nakala moja kubwa, funika nusu kwa karatasi, waeleze wanachokiona, kisha funua. Picha ipigwe jicho kabla ya kusomwa maelezo yake. Ukianza na maelezo hawataiangalia.

Hatua ya sita: ziara, kama nauli ipo

Shule za Unguja hazina kisingizio. Anzia Forodhani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, itazameni kutoka nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Waonyeshe palipokuwa na Beit al-Hukm, ambapo sasa ni bustani, kisha Makumbusho ya Kasri. Gari likiwepo, elekeeni kaskazini: Maruhubi, kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, kisha magofu ya Mtoni, kisha hamamu za Kidichi. Usimpe mwanafunzi karatasi ya maswali ishirini. Mpe kazi moja: atafute mahali ambapo mpishi wake, au askari wake, angesimama.

Aliye Iringa au Mumias asijione amenyimwa. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954, na ukoo unaoweza kuuchora kwenye manila vilevile. Mumias kuna historia ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Kwa walio karibu na Uganda, mfano unaofanana na huu kwa kushangaza ni Buganda: Daudi Chwa alizaliwa Agosti 1896, mwezi uleule wa vita vya Zanzibar, na mwaka mmoja baadaye baba yake, Kabaka Mwanga, alipopinduliwa mtoto huyo akafanywa Kabaka. Nani aliamua, na nani hakuulizwa? Maswali yaleyale matatu yanafanya kazi.

Hatua ya saba: kupima

Mtihani wa taifa utauliza sababu na matokeo, na huna uwezo wa kuubadilisha. Basi tenga kipindi cha mwisho kwa ajili yake: wanafunzi watoe hoja zao kutoka kwenye manila na daftari za wahusika, wewe uziandike ubaoni kwa mtindo wa kujibu mtihani. Zitatoka hoja nyingi kuliko zilizomo kwenye vitabu vya marejeo vya mitaani, na hawatahitaji kuzikariri usiku.

Kwa alama zako za darasani, toa kazi moja ya ukurasa mmoja: barua ya mhusika wako, iliyoandikwa jioni ya tarehe 27 Agosti 1896, kwa mtu aliye mbali. Katika alama 20, toa 8 kwa usahihi wa mambo, 8 kwa kubaki ndani ya yale aliyoyajua mhusika, na 4 kwa lugha. Anayemfanya mvuvi wa Malindi ataje jina la Lord Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, anapoteza kwenye fungu la pili hata kama jina ni sahihi. Wanaoshika kadi ya mtumwa wasilazimishwe kuandika barua, kwa kuwa wengi hawakupewa nafasi ya kujua kuandika. Waandike maneno ambayo angemtuma mtu akayafikishe kwa mdomo. Watakuuliza kama urefu ni uleule wa ukurasa mmoja. Wajibu: mjumbe anaweza kukumbuka kiasi gani?